Nilitumwa Kukagua Riwaya ya Binti Yangu, Sasa Sijui Nimwambie Nini Baba Yake

BARUA

Kwako Bi Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Umoja. Mimi ni mama wa watoto watatu na mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi. Mume wangu ni mzee wa kanisa, nami naongoza maombi ya akina mama kila Alhamisi jioni. Nakutajia haya mwanzoni ili uelewe kwa nini ninayokuandikia siwezi kumwambia mtu wa karibu. Kanisani kwetu ukimnong'onezea mtu jambo kabla ya ibada, baada ya ibada unaombewa na watu usiowajua. Tafadhali usichapishe jina langu.

Binti yetu wa kwanza yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Alipokuja likizo ya Desemba alikuwa na riwaya aliyoinunua kwa wale wauza vitabu wanaotandaza kando ya barabara katikati ya jiji. Inaitwa Silence, ya Mjapani Shusaku Endo. Baba yake aliikuta mezani, akasoma maneno ya nyuma ya jalada, akaona ni habari ya padri anayemkana Kristo. Hakumgombeza. Alingoja mtoto arudi chuoni, akakichukua kitabu chumbani kwake, akanipa akisema, "Mwalimu, wewe ndiye msomaji wa nyumba hii. Kisome, uniambie kina nini. Kama ni cha kupotosha watoto tutajua la kufanya."

Nikakisoma. Nilianza na daftari kando, tayari kuorodhesha makosa yake. Ni habari ya mapadri wa Kireno walioingia Japani kwa siri katika miaka ya 1600, wakati Wakristo wa huko walipokuwa wakisakwa. Watawala wanawawekea waumini sanamu ya Yesu chini, wanawaambia waikanyage. Anayekanyaga anaachiliwa. Wengine wanafungwa kwenye nguzo ufuoni, maji yanajaa na kupwa, yanajaa na kupwa, mpaka wanakufa pole pole, na wanakijiji wenzao wanatazama. Padri amejificha, naye anatazama. Anaomba, anangoja neno lolote kutoka juu, na bahari inaendelea tu na shughuli zake. Halafu anakamatwa, na kumbe wanaoteswa sasa ni watu wengine kwa sababu yake, na yeye akikanyaga wataachwa.

Hapo kwenye bahari niliacha kuandika katika daftari.

Ndugu yangu alikuwa fundi wa magari Kariobangi. Figo zake ziliharibika. Tulichanga za kumsafisha damu, tukafunga, tukakesha, na kwenye kesha moja mhubiri mgeni akatangaza kwamba Bwana amemwonyesha ndugu yangu akirudi kazini. Mume wangu ndiye aliyesimama Jumapili iliyofuata akawaambia washirika kwamba tumeshinda. Ndugu yangu alifariki mwaka wa 2019. Kwenye matanga akina mama wenzangu walinikumbusha kwamba hatuhuzuniki kama watu wasio na matumaini. Nikatii. Alhamisi ilipofika niliongoza maombi.

Jambo jingine ni hili. Binti yangu amepiga mistari ya penseli humo kitabuni. Pale pale kwenye bahari, pembeni, ameandika kwa herufi ndogo: "Kama wakati wa Mjomba." Wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne, anapita akigawa chai kwa wageni. Sikujua kama alikuwa akiangalia chochote.

Tangu hapo nimekwama. Mume wangu ameshaniuliza, namwambia bado nasoma. Si uongo, maana nilikimaliza nikaanza upya. Nimetafuta na vingine vya namna hiyo, vya watu wa dini wanaoshindana na Mungu, nasoma usiku wote wakilala. Lakini Alhamisi nikifumba macho kuomba nasikia maneno ya Yakobo, kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari lililochukuliwa na upepo. Naona najifanya mbele ya wanawake wanaoniamini.

Nikisema kitabu ni kibaya nitakuwa nimekisingizia na kumfunga mtoto mdomo. Nikisema ni kizuri, mume wangu atauliza uzuri wake uko wapi, na mazungumzo yatafika kwa ndugu yangu na kwa lile tangazo alilolitoa. Nikimwambia binti yangu nimekisoma, atajua nimesoma alichoandika, na atajua pia kwamba mama anayempigia simu kila Jumapili kumuuliza kama ameenda kanisani hana hakika na mambo yake. Na hapa nyumbani tunaishi na mama mkwe, mlokole wa siku nyingi. Nikimkuta asubuhi na Biblia yake naona haya hata kumsalimu.

Je, niache kusoma? Nimejiletea shaka hii kwa mikono yangu? Na kama ni kusema, nimwambie nani kwanza?

Mwalimu wa Umoja, Nairobi

JIBU

Mwalimu wangu,

Asante kwa kuniamini. Kama nimekuelewa, mume wako alikupa kitabu cha mtoto ukikague, na katika kukikagua ukakutana na kifo cha ndugu yako, kisha ukagundua kwamba binti yako alikuwa amekutana nacho ukurasa uo huo kabla yako. Sasa baba anangoja ripoti, mtoto hajui lolote, Alhamisi haikosi kuja, na wewe uko katikati yao na kalamu mkononi. Kati ya maswali yako matatu naona lile la kuacha kusoma ndilo jepesi zaidi, na labda ndiyo sababu umelitanguliza.

Nianze na la mikono yako. Unaamini kwamba kitabu ndicho kilicholeta shaka. Hebu irudie barua yako. Ulianza vizuri kabisa, daftari kando, ukihesabu makosa, ukafika mahali pamoja ukaacha kuandika. Msomaji mwingine angefika hapo kwenye bahari, akasikitika kidogo, akafunua ukurasa. Wewe ulisimama kwa sababu ulipajua. Kinachokusumbua kilikuwepo mwaka wa 2019, siku ulipoambiwa usilie sana ukakubali. Nathani naye hakumwendea mfalme Daudi na mashtaka. Alimsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja, Daudi akaketi kuihukumu hadithi kwa ukali, ndipo akaambiwa mtu huyo ni yeye. Sikulinganishi na Daudi katika kosa, maana sioni kosa lako. Nasema tu kwamba hadithi ina njia hiyo ya kumgeukia anayekuja kuikagua, na wazee wa kanisa wanaijua sura hiyo vizuri.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba riwaya ni karatasi tu. Kitabu hiki kina nguvu, na si mume wako wa kwanza kukiogopa. Kilipotoka Japani mwaka wa 1966 kiliwaudhi baadhi ya Wakatoliki wenzake Endo, waliona kinawadharau mababu zao waliokubali kufa kuliko kukanyaga. Hoja yao ilikuwa na uzito; hata mimi nikisoma nawafikiria wale waliofungwa kwenye nguzo, ambao jina lao halikumbukwi kama la padri aliyeshindwa. Lakini mwaka wa 1969 aliyekitia katika Kiingereza alikuwa padri Mjesuiti, William Johnston. Watu wa imani moja, kitabu kimoja, mmoja anaona tusi na mwingine anaona jambo la kuwapelekea watu wa lugha nyingine. Ukipata nafasi ya kuzungumza na mume wako, hilo linaweza kumsaidia kuona kwamba hasira yake na mapenzi yako kwa kitabu hicho vyote vimewahi kukaa ndani ya kanisa.

Kuna jambo la maisha ya Endo ambalo huenda hujalisoma. Alizaliwa mwaka wa 1923. Hakuuchagua Ukristo, alibatizwa akiwa mtoto kwa sababu ya mama yake, na ukubwani aliueleza kama suti ya Kizungu aliyovishwa na mama, isiyomkaa mwilini. Alijaribu kuivua, ikamshinda, basi akatumia maisha yake ya uandishi kuishona upya ipate kumkaa Mjapani. Nakutajia hili kwa ajili ya zile simu zako za Jumapili. Unadhani binti yako akijua huna hakika atavua alichovishwa. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba anachoshindwa kukibeba ni kudhani kuwa kila mtu nyumbani kinamkaa sawasawa ila yeye.

Sasa Yakobo. Mimi si mhubiri na sitaki kukufundisha Biblia, lakini nimeutazama mstari ulio juu ya ule unaokuandama. Unasema anayepungukiwa na hekima amwombe Mungu, "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei." Ni mtume yule yule. Na Yuda, katika ile barua yake fupi iliyo karibu na mwisho wa Biblia, anasema, "Wahurumieni wengine walio na shaka." Halafu kuna Zaburi ya 88, ambayo sijawahi kusikia ikisomwa kwenye matanga ya Nairobi. Zaburi nyingine za kilio hufika mahali zikageuka kuwa sifa. Hii haigeuki. Inamlalamikia Mungu mpaka mstari wa mwisho, na inaishia gizani. Waliokusanya zaburi hawakuitupa wala hawakuiongezea mstari wa faraja. Kama ungewaomba akina mama wenzako waisome pamoja nawe wiki ile, sijui wangejibu nini. Simaanishi kuwalaumu, walikupa walichokuwa nacho.

Hata vitabu vya hadithi, shaka haikuanza na Wajapani. John Bunyan, aliyefungwa miaka 12 jela ya Bedford kwa kuhubiri bila kibali, alichapisha mwaka wa 1678 kitabu ambacho wamisionari walikifasiri katika lugha nyingi za Afrika, na kwa Kiswahili kikaitwa Safari ya Msafiri. Humo Mkristo na mwenzake Tumaini wanakamatwa na jitu linaloitwa Kukata Tamaa, wanafungiwa katika ngome ya Shaka tangu Jumatano hadi Jumamosi usiku, wanapigwa, wanashauriwa wajiue. Kisha Mkristo anakumbuka kwamba amekuwa na ufunguo kifuani muda wote. Babu zetu wengi waliosoma kwenye shule za misheni walilelewa na hadithi hiyo, na hakuna aliyesema inapotosha watoto. Tofauti, na lazima niiseme, ni kwamba Bunyan anakupa ufunguo na Endo hakupi. Padri wake anaishia mahali ambapo wasomaji bado wanabishana kama alipoteza imani au aliipata kwa sura nyingine. Ukisoma vya namna ya pili tu, usiku, peke yako, mmoja baada ya mwingine, utachoka. Kama hutaki kuacha kusoma, labda changanya. Riwaya ya Gilead ya Mmarekani Marilynne Robinson, iliyotoka mwaka wa 2004, ni barua ya mchungaji mzee mgonjwa kwa mwanawe mdogo, na ina maswali mazito bila kumnyima msomaji pumzi. Na jalada lake mzee wa kanisa analiweza.

Lakini kuna jambo moja kuhusu kusoma kwako ninalotaka kukuuliza taratibu, nawe ulikatae kama si kweli. Umenieleza mateso ya wale Wakristo wa Japani kwa undani sana, hadi maji yanavyojaa na kupwa. Kifo cha ndugu yako umekipa sentensi moja yenye mwaka. Je, yawezekana kwamba padri wa Kireno anakusaidia kuuliza, na wakati huo huo anakuzuia kuuliza kwa kinywa chako? Riwaya ni mahali pazuri pa kulilia watu ambao hawakuwahi kuishi. Mtu anaweza kukaa humo miaka, akasoma shaka za kila taifa, na ya kwake ikabaki pale pale haijatamkwa. Ndiyo maana nasema swali la kuacha au kuendelea ni jepesi. Unaweza kuacha kesho na usiwe umesogea. Unaweza kusoma vingine kumi na usiwe umesogea pia.

Nije kwa mume wako. Unamwona kama hakimu anayengoja ripoti, na labda ndivyo alivyo. Wewe unaishi naye, mimi namjua kwa barua moja. Ila kuna vitu viwili ulivyoviandika bila kuvisimamia. Cha kwanza, hakukuuliza kama kitabu ni kibaya au kizuri. Alisema, "uniambie kina nini." Wewe ndiye uliyejifungia kwenye kibaya na kizuri. Kama mwalimu unajua muhtasari unavyofanywa, na unaweza jioni moja kumsimulia kisa tangu mwanzo, bila hukumu, uone anavyosikiliza. Cha pili, yeye ndiye aliyesimama mbele ya washirika akasema mmeshinda. Wiki chache au miezi kadhaa baadaye alisimama kaburini mbele ya watu wale wale. Amefanya nini na maneno yale tangu siku hiyo? Hujaniambia kama mmewahi kuyazungumza. Huenda anakiogopa kitabu kwa ajili ya mtoto tu. Huenda pia aliposoma nyuma ya jalada habari za mtu aliyeomba asijibiwe, hakupenda kukifungua mwenyewe, akakupa wewe. Nakisia tu, na naweza kuwa mbali na ukweli.

Hatari yake haijifichi. Ukianza na kisa cha padri ukamalizia na "tangazo lako," atasikia umemwekea mtego na ulikuwa ukikusanya ushahidi dhidi yake tangu ulipofungua ukurasa wa kwanza. Mambo haya mawili, kitabu na tangazo, huenda yanahitaji siku mbili tofauti. Na fikiria sana kinachoweza kumpata binti yako kama baba ataona kwamba kitabu chake ndicho kilichomtikisa mama. Wewe kama mwalimu bila shaka umesoma The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka wa 1965. Yoshua, mhubiri mkali, anamkana binti yake Muthoni kwa kutomtii, msichana anafariki, na hakuna aliyemsimulia baba kwa upole alichokuwa anakitafuta mtoto. Mume wako aliyengoja mtoto aondoke ili asimgombeze hanionekani kuwa Yoshua. Lakini wewe ndiwe unayejua akikasirika anakuwaje, na kama karo ya chuo inaweza kuingizwa kwenye ugomvi wa namna hii. Kama inaweza, hiyo ni sababu halali ya kwenda polepole, wala si woga.

Binti yako ndiye aliyenikaa moyoni. Ulidhani anagawa chai. Tunawapa watoto wetu sinia kwenye matanga, tunafikiri mikono ikishughulika macho hayaoni. Yeye aliona mambo yote, akanyamaza kwa sababu nyumba nzima ilinyamaza, na baada ya miaka akakutana na Mjapani kwenye lami. Ninyi wawili mmeomboleza mtu mmoja pembeni mwa kitabu kimoja, na kila mmoja anamlinda mwenzake.

Unaogopa kumwambia kwa sababu umesoma alichoandika. Hofu hiyo naiheshimu. Maandishi ya penseli ni ya mwenyewe. Lakini atauliza kitabu kiko wapi, na akijua baadaye kwamba mama na baba walikipitisha mikononi mwao bila yeye, ataumia zaidi na atakuwa na haki. Kumwambia tu kwamba baba aliomba ukisome, ukakisoma, na ukaona maneno yake pale kwenye bahari, ni jambo fupi. Halikulazimishi kueleza imani yako iko wapi leo. Ninachokiona cha hatari ni kingine: kwamba ukishaanza utamwaga yote, za ndugu yako, za baba yake, za Alhamisi, na mtoto wa miaka ishirini atarudi chuoni akiwa ndiye mshauri wa mama yake. Au utafanya kinyume, utamjibu kama mwalimu, utamfungulia mistari, na penseli haitaandika tena. Niliwaza pia kwamba ungeweza kumwandikia jibu hapo hapo pembeni, chini ya maneno yake. Ni wazo zuri kulisoma katika barua ya ushauri. Binti mwingine angelipenda. Mwingine angeona hata ukurasa wake umeingiliwa. Wewe unamjua wako.

Kuhusu mama mkwe nataka kukuchokoza kidogo. Unaona haya mbele yake kwa sababu ni mlokole. Lakini ule uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda ukafika kwetu katika miaka ya 1930 ulikuwa na desturi ambayo makanisa mengi ya leo yameisahau: watu walikaa pamoja wakaambiana ukweli wa mioyo yao, wakaita hiyo kutembea nuruni. Walokole wa zamani waliyasikia mambo mazito kuliko yako. Huenda bibi huyo, kati ya wote nyumbani, ndiye asiyeshtuka. Sisemi umwendee. Ni mama wa mume wako, na unachomwambia asubuhi kinaweza kumfikia mwanawe kabla ya chakula cha jioni. Pia wapo walokole waliowasukuma watu kuungama kabla hawajawa tayari, na ungamo la kusukumwa huacha kidonda. Ungeweza kwanza kumuuliza habari zake mwenyewe, kama yeye amewahi kuomba jambo asijibiwe, uone anavyojibu. Hilo si kuungama, ni mazungumzo ya mkwe na mkwe wakichambua sukuma.

Ukipenda sikio la mtu wa nje, wako washauri wa wafiwa hapa Nairobi, wengine kwenye hospitali na makanisa ambayo si yako. Kwa mtu aliyezuia msiba kwa miaka mingi, hilo haliko mbali. Mchungaji wako simjui, kwa hiyo sina la kusema juu yake, ila kwa uliyonieleza kuhusu kunong'ona na kuombewa ningepima kwanza anavyotunza siri za wengine.

Na Alhamisi. Unasema unajifanya. Unapomwombea mwenzako ambaye mtoto wake ni mgonjwa, huwa hutaki apone? Nadhani unataka kwa moyo wote. Usilo na hakika nalo ni kama utasikilizwa. Yule baba wa mtoto mwenye pepo katika Marko 9 alisema mbele ya umati, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto akaponywa. Sijui kama hilo linakutosha. Laweza lisikutoshe, kwa sababu mtoto wake aliponywa na ndugu yako hakuponywa, na sitajifanya sioni tofauti hiyo. Ukiona kuongoza kunakuumiza, unaweza kuomba mwenzako akushikie kwa muda. Watauliza kwa nini, na "nimechoka" ni jibu la kweli. Ukiona kuombea wengine ndiko kunakokushika, endelea. Ninachokusihi ni usikigeuze kikundi hicho kuwa mahali pa kwanza pa kuyasema haya, kwa vile wewe mwenyewe umeniambia habari zinavyosafiri hapo.

Nani kwanza, basi? Ukianza na mume, unaheshimu aliyekutuma, lakini binti anabaki nje ya jambo lake mwenyewe. Ukianza na binti, unamrudishia kilicho chake, lakini baba akijua alikuwa wa pili itamuuma. Ukianza na mtu wa nje, unapata nafasi ya kulia kwanza, na wote wawili wanazidi kungoja. Kila mlango una gharama yake na sioni ulio bure. Ningejiuliza ni kati ya nani na nani kimya kinafanya madhara zaidi kila wiki inayopita, na hilo siwezi kuliona kutoka hapa.

Kwa sasa, mume wako akikuuliza tena, nadhani jibu la "bado nasoma" limeanza kukuchosha wewe mwenyewe. Ungeweza kumwambia kwamba umekimaliza, kwamba kina mambo yaliyokugusa, na kwamba unahitaji muda kabla ya kuyazungumza. Akikubali, umepata nafasi. Akisisitiza, mwambie siku. Na nikipata barua nyingine kutoka Umoja baada ya likizo, iwe imefika wapi, nitaisoma.